Redio ya baba mkwe inakula kanda, na Jumamosi watu wanasubiri

MamaCherehani (Tabata, Dar)

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni fundi nguo, mambo ya redio siyajui, kwa hiyo anayetaka kunicheka acheke kwanza halafu anisaidie.

Baba mkwe amehamia kwetu tangu mwezi wa tatu. Alishuka kwenye treni kutoka Tabora na vitu vitatu: kidumu cha asali, redio kaseti ya deki moja ambayo mlango wake unashikiliwa na mpira wa kufungia noti, na sanduku la bati lenye kanda 41. Nilizihesabu mwenyewe. Zimeandikwa ubavuni kwa peni ya bluu: Sikinde, Msondo, Marijani, Maquis, yaani bendi na waimbaji wa dansi la zamani. Moja imeandikwa "USIFUTE" basi, hakuna kingine.

Nina watoto watatu na kila mmoja ana hedifoni zake. Mkubwa ni singeli, wa kati amapiano, wa mwisho katuni. Baba yao akirudi kazini anawasha taarifa ya habari na kusinzia nayo. Watu sita nyumba moja, na ukitaka kumwita mtu kula unampigia simu.

Sasa Jumamosi moja umeme ukakatika saa moja jioni, na simu zote zilikuwa hoi. Babu akaenda chumbani, akarudi na redio na betri nne kubwa, akazipanga taratibu kama anaweka mayai kwenye trei. Akabonyeza. Kwanza ukasikika mvumo tu, kama mvua ya mbali juu ya bati. Halafu gitaa likaingia, la pili likalijibu. Wa kati akanyanyuka kucheza, babu akamwambia, "Kaa. Bado." Kumbe kwake yeye wimbo wa dansi una adabu zake: kwanza unasikiliza kisa, nani kamwacha nani, nani kafuja mshahara, hadi waimbaji wanyamaze na magitaa na tarumbeta yaanze kuchemka. Hapo ndipo akasema, "Haya, sasa." Tulicheza uani kwa mwanga wa mshumaa, na mimi na kanga yangu ya kupikia.

Katikati ya tarumbeta kikasikika kilio cha mtoto mchanga. Sisi tukadhani ni kwa jirani. Babu akacheka mpaka akakohoa. Anasema mwaka 1985 hakuwa na waya wa kunakilia, basi aliazima redio ya pili na kuziweka uso kwa uso kitandani, moja iimbe nyingine irekodi. Chochote kilichotokea chumbani kikaingia kwenye kanda: jogoo, mlango, mtu anauliza chumvi iko wapi. Na huyo anayelia? "Huyo ni baba yenu." Mume wangu alikuwa na tonge la ugali mkononi. Watoto walianguka chini kwa kicheko.

Tangu siku hiyo Jumamosi ni ya babu, umeme uwepo usiwepo. Hata mzee wa nyumba ya pili anakuja na kigoda chake. Yeye ni Msondo wa kufa na kuzikwa na babu ni Sikinde, kwa hiyo wanabishana nusu ya muda nani alikuwa anaimba wapi.

Tatizo ni hili. Wiki iliyopita redio imeitafuna ile ya USIFUTE. Nimeuchomoa utepe karibu urefu wa mkono, umekunjamana kama marinda, nikaurudisha kwa kuzungusha peni. Nikafungua redio, nikaona mpira wa ndani umelegea, nikaweka lastiki ya sketi. Sasa mwimbaji anaimba kama mlevi, anaanza kwa kasi anamaliza anaburura. Babu hakusema kitu. Amefunga sanduku lake, akaenda kulala saa mbili. Nifanyeje?

FundiZiwani (Mwanza)

Dada, nimecheka hiyo lastiki, lakini mahali ulipogusa ndipo penyewe, ulichokosea ni kifaa. Lastiki inavutika, mota ikizunguka inavutika zaidi, ndiyo maana mwimbaji analewa. Toa. Chukua ule mpira wa zamani hivyo hivyo uliolegea, nenda nao kwa mafundi wa redio Kariakoo, wakupe belti inayopungua mzunguko kidogo tu kuliko huo. Usiende mikono mitupu ukakisia.

Mpira ukilegea, gurudumu la kukusanya utepe linakosa nguvu. Utepe unatoka upande mmoja, upande wa pili hauvutwi, basi unajikunja kwenye kile kigurudumu cheusi kinachoubana. Ndiyo "kula kanda" hiyo. Kwa hiyo usafishe na hicho kigurudumu, pamoja na kichwa cha kusomea: pamba kwenye kijiti, spiriti, futa hadi pamba itoke nyeupe. Kitatoka kitu cha kahawia, usishtuke, ni unga wa kanda zenyewe. Usitie mafuta ya cherehani! Najua unayo hapo mezani.

Na huo utepe uliojikunja usithubutu kuupiga pasi. Unyooshe kwa vidole vikavu, utalia "mwaa" kwa sekunde mbili tatu na kuendelea. Kabla ya kupiga kanda yoyote iliyokaa miaka bila kuguswa, izungushe mbele hadi mwisho kisha irudishe mwanzo, maana tabaka zinakuwa zimeshikana.

Halafu hiyo USIFUTE, itazame mgongoni. Kuna vijiti viwili vidogo vya plastiki kwenye kona. Vikiwa bado vipo, vivunje leo, maana mtoto akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya hutakuwa na wa kumlalamikia.

Mjanja_2000

Jamani mwaka gani huu? Nyimbo zote hizo zipo mtandaoni. Nunua spika ya bluetooth, mtengenezee mzee orodha yake, maisha yaendelee. Kanda ni makumbusho.

MamaCherehani

Mdogo wangu, tulijaribu. Mkubwa wangu alimtafutia babu wimbo uleule kwenye simu, safi kabisa, kila chombo unakisikia. Babu akasikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akauliza, "Na jogoo?"

Tena kwenye simu wimbo wa dakika saba hakuna anayeumaliza. Kidole kinawasha, kinaruka. Kanda huwezi kuiruka, labda uzungushe na kukosea, kwa hiyo watoto wanakaa hadi chemko bila kulazimishwa.

FundiZiwani asante sana. Mafuta nilikuwa nimeshayachukua mkononi, wallahi.

BintiKibokoni (Mombasa)

Dada, umenikumbusha mamangu. Kwetu haikuwa dansi, ilikuwa taarabu, na saa yake ilikuwa Jumapili asubuhi wakati wa kukuna nazi. Yeye juu ya mbuzi, sisi tunachambua mchele, redio dirishani. Juma Bhalo akiimba beti, mama husimamisha kukuna, auliza, "Haya, hilo ua alosema ni nani?" Ukijibu ni ua, wachekwa hadi jioni. Tulikuwa twavunja mafumbo hatujui hata kusoma vizuri. Mengine nimekuja kuyaelewa nishaolewa, nikaona haya peke yangu jikoni!

Na hao wanamuziki wa kwenu si wa kwenu peke yenu. Babangu alikuwa na kanda za Mbaraka Mwinshehe, na kila tukipita Kisauni hutwambia ndipo alipopata ajali iliyomuua, mwaka 1979. Mtu wa Morogoro, lakini huku alililiwa kama wa hapa.

Ushauri wangu ni mmoja: muulize mzee visa vya kila kanda sasa hivi, na mtoto mmoja aandike. Za babangu tunazo zote na hakuna ajuaye nani alimrekodia.

KigodaChaMsondo

Mwambieni babu na huyo jirani yake kwamba wote wana haki. Mwimbaji Muhidin Gurumo alikuwa NUTA Jazz, bendi iliyozaliwa 1964 ambayo ndiyo baadaye ikaitwa Juwata, kisha OTTU, na wapenzi wakaiita Msondo. Mwaka 1978 akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, yaani Sikinde. Baadaye akarudi tena Msondo. Wanamuziki wa wakati ule walikuwa wanahama bendi kama wachezaji mpira. Kwa hiyo mzee wa Sikinde akisema "huyu ni wetu" hasemi uongo, na wa Msondo vilevile. Wapeni chai waendelee kubishana, maana ubishi wenyewe ndiyo burudani.

Nyongeza kwa dada: ukishatengeneza redio, nunua waya wa kutoka tundu la hedifoni kwenda kwenye kompyuta, upakue Audacity, programu ya kurekodi sauti, urekodi kila upande mara moja bila kukatiza. Hifadhi kama WAV kwanza, faili isiyopunguza sauti. Programu itakuonyesha kitufe cha kuondoa kelele. Usikiguse. Kitamfuta jogoo.

FundiZiwani

Hapo kwenye kitufe naunga mkono. Naongeza: kando ya kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo. Sauti ikiwa butu kama mtu kaziba mdomo kwa blanketi, izungushe kidogo sana, robo kwa robo, wimbo ukiwa unapigwa, hadi matoazi yachomoze. Kanda zilizorekodiwa redio tofauti kila moja ina pembe yake.

MamaCherehani

Mrejesho, kama nilivyoahidi moyoni.

Belti imepatikana duka la tatu. Fundi wa kwanza alitaka kuniuzia redio nzima. Nimesafisha, pamba ya nne ndiyo imetoka nyeupe. Wa kati ndiye aliyezungusha skrubu, babu amemshikia tochi na kumkaripia kama fundi mkuu.

USIFUTE siyo muziki, au tuseme ina muziki kidogo. Ni salamu za wasikilizaji, Radio Tanzania. Babu na wenzake wa reli walituma kadi, na siku hiyo zikasomwa, majina saba mfululizo, kisha wimbo. Alituchezea hadi kwenye majina, akawa anasimamisha baada ya kila moja na kutuambia yuko wapi sasa. Wawili wapo, mmoja Kigoma, mmoja Urambo. Kwenye "mwaa" ya ule mkunjo jina moja limemezwa nusu. Nilitaka kuomba radhi, akalitaja yeye mwenyewe, akabonyeza, tukaendelea.

Leo tumerekodi kanda tano kwenye kompyuta, bado 36. Wa mwisho ndiye mwandishi, ana daftari. Mume wangu ameomba kwenye nakala ya kompyuta kile kilio kikatwe. Tumepiga kura, ameshindwa tano kwa moja. Mzee wa Msondo alinyoosha mkono pia, lakini tumemwambia yeye si mkazi.