Mrejesho: watoto wa dada wamepokelewa shuleni

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kuhusu watoto watatu wa dada yangu: walitolewa kwenye nyumba ya kupanga, wakahamia kwangu Columbus, Ohio, na shule ya jirani ikawakataa wadogo wawili kwa kukosa mkataba wa nyumba.

Aliyenitajia sheria ya McKinney-Vento ya 1987, ile ya Marekani inayolinda haki ya watoto wasio na makazi kusoma, Mungu akubariki. Kumbe hata kubanana kwa ndugu baada ya kupoteza nyumba kunahesabiwa kukosa makazi! Nikaomba kuonana na afisa wa wanafunzi wasio na makazi. Kila wilaya ya shule lazima iwe naye. Kesho yake wadogo walikuwa darasani, vyeti vya chanjo vikafuata baadaye. Chakula cha bure wanapata bila hata kujaza fomu. (Yule aliyeshauri tughushi mkataba, samahani, sikuthubutu.)

Usafiri ndio umetutesa. Mkubwa amebaki shule yake ya zamani, haki anayo, ila basi lilichukua wiki tatu kuanza kumfuata. Nilimpeleka mwenyewe, mafuta yakanikausha. Mkalimani wa Kiswahili hatujapata mpaka leo; kwenye vikao namtafsiria dada mimi.

Asanteni sana.