MREJESHO: Ile orodha yangu ya vitabu isiyoisha

Wadau, niliwauliza nifanyeje na orodha ya vitabu inayorefuka kuliko kasi yangu ya kusoma. Asanteni sana kwa majibu, hata wewe uliyenijibu kwa mkato "acha kununua".

Kilichonisaidia zaidi ni kanuni ya Nancy Pearl, yule mkutubi wa Marekani: soma kurasa 50, kisipokuvuta weka kando. Ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100. Mwenye miaka 60 anakipa kitabu kurasa 40 tu. Nilikuwa na buku moja nene la historia ya uchumi, alama imekwama sura ya pili mpaka karatasi imeacha mkunjo. Nimeligawa, na wala silikumbuki.

Nikafuata pia ushauri wa kuandika pembeni ya kila jina nani alinipendekezea na kwa nini. Visivyo na sababu nikavifuta, na hapo ndipo orodha ilipopungua kwelikweli.

Ile ya kusoma kitabu kimoja kwa wakati imegoma. Usiku kichwa hakitaki nadharia, kinataka riwaya. Kwa hiyo naenda na viwili: kizito asubuhi, chepesi kitandani.

Makala nilizohifadhi kwenye simu bado ni vurugu tupu. Mkuu uliyesema nizifute zote kwa mpigo, nimekuelewa, ila kidole bado kinagoma kubonyeza.