Mafundi skimingi, hiyo "rangi itafunika" yenu imetutia hasara vya kutosha

Wakuu, nimekuja na hasira na sina haja ya kuzificha. Hivi mafundi wa skimingi (ule upakaji wa puti nyembamba ya kulainisha ukuta na dari kabla ya rangi) wa hapa Dar mlikubaliana wapi kwamba ukuta ukishakuwa mweupe tu basi kazi imeisha na bosi atoe hela? Maana nyumba yangu huku Kigamboni ukiingia mchana unasema hongera, sasa ngoja jua lizame uwashe taa, aisee unaweza kulia. Mistari ya skrepa, kile kibati cha kupakia puti, toka juu mpaka chini, mabonde, vinundu, na kule juu kwenye dari viungo vya bodi vinaonekana kimoja kimoja utadhani kuna mtu kachora ramani. Na hapo fundi alitaja bei yake mwenyewe, akaandika orodha ya vifaa mwenyewe, vifaa vikaja vyote, na kila nilipomuonyesha bonde jibu lilikuwa hilohilo, "usijali bosi, rangi itafunika".

Rangi haifunikiii! Rangi hata ukipiga mikono miwili, yaani ukiipaka mara mbili, ikikauka haizidi unene wa karatasi, itafunika bonde gani? Inachofanya ni kuonyesha zaidi, na ukipaka ile silki inayong'aa ndio umemalizika kabisa, mng'ao unatoa nje kila kosa. Halafu fundi hilo analijua, amepaka nyumba ngapi maishani mwake? Analijua vizuri tu ila anataka amalize, achukue hela yake, simu isipokelewe tena.

Kingine ambacho hawawaambii watu ni kwamba skimingi hainyooshi ukuta. Skimingi yenyewe ukijumlisha mikono yote ni milimita 2 au 3 hivi, kazi yake ni kulainisha. Kama aliyepiga plasta alilewa, ukuta umebinuka tumbo katikati, hapo hata umwage mifuko mingapi ya puti ukuta utakuwa laini lakini umepinda vilevile. Fundi mwenye heshima akifika saiti kabla hajafungua mfuko anachukua rula ya alumini ya mita 2, anailaza ukutani wima, mlalo, mshazari, anaangalia mwanga unapita wapi chini ya rula, kisha anakuita anakwambia mkuu hapa na hapa plasta yako haijanyooka, tujaze kwanza au aliyeipiga arudi airudie. Wa kwangu aliingia na ndoo moja kwa moja akaanza kupaka, rula hana, pimamaji hana, namuuliza ananiambia "jicho langu linatosha".

Na plasta yenyewe ilikuwa mbichi! Plasta ya simenti inatakiwa imwagiliwe maji wiki nzima hivi ikomae, halafu iachwe ikauke, kawaida watu wanasubiri kama mwezi, na huku pwani kipindi cha masika kati ya Machi na Mei inakauka taratibu zaidi kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Nilisema tusubiri. Akasema nikisubiri ana kazi nyingine Mbezi atanikimbia, na kwamba yeye anafanya hivi miaka yote hakuna shida. Shida ndio hii sasa, upande wa korido skimingi inavimba na kubanduka magamba, na chini karibu na skatingi, ule ukanda wa ukutani juu ya sakafu, inatoka chumvi nyeupe. Yale maji ya ndani ya plasta lazima yatafute njia ya kutoka, yakitoka yanabeba chumvi, yakifika kwenye skimingi yanaisukuma. Sio uchawi na sio "nyumba yako ina unyevu wa asili" kama nilivyoambiwa.

Tuje kwenye kuchanganya, hapa ndio nina moto haswa. Jipsamu, huo unga wa skimingi ya ndani, ni jiwe lililochomwa likatolewa maji, ukilirudishia maji linaanza kuganda liwe jiwe tena, na linaganda mara moja tu. Muda wake ukianza umeanza. Sasa unamuona saidia fundi kakoroga ndoo nzima imejaa, fundi yuko kwenye simu, mzigo unaanza kushika, anamwaga maji anakoroga tena anaendelea kupaka!! Ule ukishavunjwa hivyo haushiki tena sawasawa, ndio maana leo nikipitisha kiganja ukutani natoka na unga mweupe mkono mzima. Na ndoo haioshwi, mabaki ya jana yamegandia pembeni, yanaingia kwenye mzigo mpya, yanafanya ugande haraka zaidi, na vile vipande vigumu ndio vinachora ile mistari ukutani skrepa inapopita. Kuosha ndoo jamani! Maji safi kwanza ndani ya ndoo, unga unafuata kidogo kidogo, unakoroga mpaka uwe laini, unauacha utulie dakika chache, unakoroga tena taratibu bila kuingiza hewa, unachanganya kiasi utakachomaliza kabla hakijashika. Hiyo nayo inahitaji chuo?

Halafu kuna hii tabia ya kuchanganya waiti simenti na jipsamu kwenye ndoo moja, kila fundi ana ratiba yake, huyu mbili kwa moja, yule nusu kwa nusu, mwingine anatia na chokaa, mwingine anatia rangi ya maji "ishike". Wakuu, simenti na jipsamu zikikaa pamoja sehemu yenye unyevu zinatengeneza kitu kinachotanuka ndani kwa ndani, ukuta unapasuka nyufa nyembamba nyembamba miezi kadhaa baadaye wakati fundi yuko Kibaha huko anaharibu kwa mwingine. Kama ni nje, bafuni, jikoni karibu na sinki, nunua puti ya simenti iliyotengenezwa kiwandani tayari, soma mfuko, weka maji kama mfuko unavyosema. Jipsamu iache ndani pakavu, ikinyeshewa inalainika. Bafu langu la wageni limepigwa jipsamu. Bafu! Tena mfuko wa puti ya nje ulikuwepo stoo, nimeukuta haujafunguliwa, na mwingine sijaukuta kabisa.

Sasa dari. Hii imeniuma kuliko yote kwa sababu ndio iliyokula hela. Kwenye dari ya jipsamu bodi kazi yote iko kwenye viungo, kule katikati ya bodi kiwandani walishakulainishia. Kiungo kinatakiwa kijazwe, kiwekwe tepu, kifunikwe mkono wa kwanza, kikauke, mkono wa pili upanuke zaidi ya wa kwanza, kikauke, wa tatu upanuke tena mpaka jicho lisijue kiungo kilianzia wapi. Hapo ndio ulaini wa dari unapopatikana, kwenye kupanua na kusubiri. Wa kwangu alijaza viungo na unga mtupu bila tepu, akapitisha skrepa mara moja, akasema imetoka. Tepu niliinunua mimi, boksi zima, zilikuwa zinachezewa na watoto wa jirani. Bodi ikicheza kidogo tu kwa joto la bati au mbao za blandaringi, zile zinazoshikilia bodi, zikikauka na kujikunja (na hizi mbao tunazouziwa siku hizi zinadondosha maji kabisa ukizipasua), kiungo kisicho na tepu lazima kipasuke, hakuna rangi duniani itakayozuia hilo. Skrubu nazo nyingine zimezama mpaka zimetoboa karatasi ya bodi, nyingine zimechomoza vichwa, sasa zinaanza kutoa alama za kutu.

Na ubaya zaidi tunapenda dari za ngazi ngazi zenye taa za mkanda zimefichwa pembeni. Sawa zinapendeza, lakini ule mwanga unapita umelala juu ya bodi, kila kinundu kinatupa kivuli. Fundi anayekubali kukufungia taa za namna hiyo anatakiwa ajue skimingi ya hapo ni ya kiwango kingine, alaze taa ubavuni wakati anapiga msasa, aone kivuli, afute kivuli. Taa ya kuvuta na waya mrefu tu, hata tochi ya simu inasaidia. Hawa wanapiga msasa saa saba mchana madirisha yote wazi, wataona nini?

Msasa wenyewe walipiga namba 80 tu, mkali ule wa mbao, ukaacha mikwaruzo kila mahali. Ungeanza na 120 umalize na 220 ungekufa? Vumbi halikufutwa, praima (rangi ya chini ya kushikisha) haikupigwa, rangi ikapakwa juu ya vumbi, nikibandika selotepu nikaivuta inakuja na rangi. Na hapo niseme kitu kingine kilichonikera, yule kijana saidia fundi alikuwa anapiga msasa dari kichwa juu bila barakoa, bila miwani, mweupe mpaka kope, anakohoa siku nzima. Nilinunua barakoa fundi akasema zinamchelewesha. Mtoto wa watu unamlipa hela ya kula halafu unamjaza vumbi kifuani, huo ni ukatili na lazima usemwe.

Najua watakuja watu hapa kusema "bei rahisi ina gharama". Nimesema bei aliitaja yeye na niliikubali, tena haikuwa ya chini. Tatizo ni kulipwa kwa skwea mita kunakomfanya mtu akimbie, na hakuna anayekagua. Mafundi wazuri wapo, nyumba ya shemeji yangu Tanga kuta ukipitisha kiganja huhisi kitu, na yule mzee alikuwa anakataa kabisa kuendelea kama mkono wa jana haujakauka, mpaka mwenye nyumba akawa anamnunia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha hizi kazi na wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, kwa hiyo fundi asinambie hana pa kujiongeza.

Msimamo wangu uko hivi. Salio lake silitoi mpaka viungo vya dari vikwanguliwe vyote na kuwekwa tepu, bafu libanduliwe lipigwe puti ya simenti, na korido ikwanguliwe mpaka kwenye plasta iachwe wazi ikauke kabla ya kuguswa tena. Amenitumia meseji kwamba atanipeleka serikali ya mtaa. Twende, nitamwomba mwenyekiti aje saa mbili usiku nimuwashie taa.

Na kama humu kuna fundi anayeweza kuja kurekebisha, naomba aje PM na picha za kazi zake zilizopigwa usiku taa ikiwa imelazwa ubavuni mwa ukuta. Picha za mchana usinitumie.