Stiki za kulengea kwa wageni wa urefu tofauti: mti gani, urefu gani, na trekka (msoma nyayo) asimame wapi?

Nyayo_Sikonge

Wakuu, habari za majukumu. Msimu wa uwindaji unafunguliwa 1 Julai, na mwindaji bingwa ninayefanya naye kazi kitaluni huku Sikonge ameniagiza niandae stiki mpya, yaani fito za kuegemeza bunduki wakati wa kulenga, kabla wageni hawajaingia. Zilizopo ni za alumini za kurefusha. Zinalia kama sufuria kila zikigusa jiwe, na kufuli zake huteleza taratibu bunduki nzito ikikaa juu.

Wageni wa kwanza ni wawili: mmoja ana sm 172, mwenzake sm 188. Raifo ni za kaliba .30-06 na .375, zote zina darubini. Wanyama waliomo kwenye leseni ni kongoni, korongo, palahala na nyati. Kwenye miombo ya huku risasi nyingi hupigwa kati ya mita 60 na 150.

Naomba mwongozo. Miguu miwili au mitatu? Nitumie mti gani? Urefu naupataje, na seti moja inatosha wote wawili? Na nikishazisimamisha, mimi nikae wapi?

FundiMninga_TBR

Mkuu, chukua miguu mitatu. Mguu mmoja unazuia bunduki kushuka tu, huku inayumba pande zote. Miwili inatuliza kushoto na kulia lakini bado inakwenda mbele na nyuma. Mitatu inasimama yenyewe, kwa hiyo mgeni anaikuta tayari na wewe mikono yako iko huru. Zipo pia za miguu minne zinazobeba ubao wa mbele wa bunduki pamoja na kitako. Zinatulia kuliko zote, ila kongoni akianza kutembea inabidi unyanyue mtambo mzima. Kwa umbali uliotaja huzihitaji.

Mti: nenda kwa maseremala hapo mjini uombe mabaki ya mninga yenye nyuzi zilizonyooka. Mninga ukishakauka haupindi ovyo, na si mzito. Chana vipande vya mm 25 kwa 25, upige randa hadi viwe mviringo wa mm 22. Seti nzima itakuwa kilo moja na ushee. Kataa kipande chenye fundo la tawi au nyuzi zinazokata ubavuni, hapo ndipo kitavunjikia. Fito za mkole nazo ni nzuri sana, ngumu na zinanesa bila kukatika, ila zimenye maganda, uzifunge kwenye boriti iliyonyooka na uzikaushe kivulini wiki tatu au nne. Ukizitumia mbichi zitapinda. Na usiende kukata kwenye hifadhi ya msitu bila kibali, utaharibu msimu wa watu kwa fito tatu.

Urefu: chukua urefu wa mlengaji, toa sm 20. Hicho ndicho kipimo cha kutoka kwenye fundo, pale stiki zinapofungwa pamoja, hadi ncha ya chini. Juu ya fundo acha pembe (ncha za juu zinazopokea bunduki) za sm 15 kwa stiki mbili za nje. Ya kati ikate ibaki sm 3 tu juu ya fundo, isije ikagonga ubao wa bunduki. Kwa hiyo:

wa sm 172: fundo hadi chini sm 152, stiki za nje sm 167, ya kati sm 155
wa sm 188: fundo hadi chini sm 168, stiki za nje sm 183, ya kati sm 171

Ukitanua miguu hadi ncha na ncha ziachane kama sm 70, fundo litashuka takribani sm 5, na hapo bunduki inakuwa usawa wa kumtosha akiwa amesimama na kuinama mbele kidogo.

Seti moja kwa wote wawili haifai. Ili ile ndefu imshukie wa sm 172, utatanua miguu karibu mita moja na nusu kati ya ncha na ncha, na kwenye udongo mgumu wa kiangazi itateleza tu. Kutanua kunafaa kwa tofauti ya sm 5 hivi, si zaidi. Tengeneza mbili.

Kufunga: kata ukanda wa tyubu ya pikipiki, upana sm 2, urefu mita moja. Laza stiki sambamba, pitisha ukanda juu ya ya kwanza, chini ya ya kati, juu ya ya tatu, kisha urudi nao kinyume. Mizunguko minne hadi mitano. Malizia na miwili inayopita katikati ya stiki na stiki, ndiyo inayokaza. Usivute mpira hadi mwisho wake: ukikaza mno miguu haifunguki kwa mkono mmoja, ukilegeza pembe zinazama bunduki ikikaa. Jua hula tyubu, kwa hiyo beba ukanda wa akiba.

Ncha za chini: toboa kwanza, upigilie msumari wa inchi tatu uliokatwa kichwa, utokeze sm 2. Bila kutoboa mti unapasuka. Pembe zivishe ngozi.

Mbao zipake mafuta ya linsidi. Vanishi inang'aa. Nta usiguse kabisa, watu wa mizinga wa Tabora wanaipaka mizingani ili kuita nyuki, sasa wewe unataka kuita nini pale unapolenga?

Mwanzi_Kasulu

Nyongeza kwa walio upande wa Kigoma: mwanzi unafaa na ni mwepesi kuliko mninga. Chagua uliokomaa, miaka mitatu kwenda juu, kipenyo mm 25 hadi 30, ukatwe kiangazi. Uloweke kwenye maji wiki mbili tatu kutoa wanga, la sivyo dumuzi watautoboa hadi ubaki unga. Mkato wa chini uwe chini kidogo ya fundo la mwanzi, ili ncha isiwe wazi. Kasoro yake ni mlio: fito zikigongana njiani zinasikika. Zifunge pamoja kwa mkanda katikati yake mnapotembea.

Mbogo375

Fundi kamaliza upande wa mbao, mimi niongelee matumizi.

Kusimamisha: miguu miwili ielekee kwa mnyama, wa kati urudi kwa mlengaji. Sababu ni kwamba huo wa nyuma ndio rula ya urefu. Ukiuvuta kuelekea kwa mgeni bunduki inashuka, ukiusogeza ndani inapanda. Unafanya hivyo kwa mguu, hakuna haja ya kuinama. Kwenye mteremko, miguu miwili ikae upande wa chini.

Bunduki ikalie ubao wa mbele, si mtutu. Mtutu ukiegemea mti unasukumwa wakati risasi inapita ndani yake, na risasi inakwenda pengine, mara nyingi juu. Hata ubao wenyewe usilale mtupu juu ya pembe. Mgeni ashike makutano ya stiki kwa kiganja cha kushoto, ubao ulale juu ya mkono huo, dole gumba lipite juu yake. Kwa .375 hili si hiari, maana teke lake linairusha bunduki kutoka kwenye pembe, na isiposhikwa inarudi chini vibaya.

Wewe: ukishazisimamisha, rudi nyuma upande wa kushoto wa mlengaji wa mkono wa kulia, nyuma ya mdomo wa mtutu, masikio umeyaziba. Usimpe bega lako kama egemeo. Mlio wa .375 karibu na sikio unaharibu usikivu moja kwa moja. Na mtutu usikatize mbele yako mgeni anapoileta bunduki kwenye stiki, sefti isitolewe kabla mwindaji bingwa hajaruhusu.

Jicho_La_Pofu

@Mbogo375 hapo kwenye miguu sikubaliani. Mgeni mzito anayelalia stiki anaziangusha mbele, kwa sababu kati ya miguu miwili ya mbele hakuna kinachozuia mzigo. Geuza: mguu mmoja uelekee kwa mnyama, miwili ibaki kwake. Akiegemea, uzito wote unaingia kwenye mguu wa mbele na stiki zinazama ardhini badala ya kupinduka.

Mbogo375

Kwa mgeni wa namna hiyo sawa. Lakini umepoteza rula ya urefu, na miguu miwili ya nyuma inagongana na magoti yake anapotaka kuzunguka kumfuata mnyama. Nyayo, mjaribu kila mmoja kambini siku ya kupima bunduki, utaona ni wa kundi gani.

Nyayo_Sikonge

Shukrani sana wakuu. Swali moja limebaki. Wapo wageni ambao hata stiki zikitulia kabisa, bunduki bado inacheza na anakosa mita 100. Tatizo ni stiki au mtu?

Shabaha_Kwanza

Mdogo wangu, stiki zinashika nusu ya bunduki. Nusu ya pili iko begani.

Fanya hesabu: kutoka pembe za stiki hadi bega ni kama sm 50. Bega likipanda au kushuka milimita moja tu, huku mbele pametulia, kwenye mita 100 alama inahama sm 20. Hiyo ni karibu upana wote wa sehemu ya kufisha ya swala pala. Kwa hiyo tuliza nyuma:

Kiwiko cha kulia kisielee hewani. Kama kuna mti wa mtundu au mwingine wowote karibu, simamisha stiki ili mgeni aegemeze ubavu au mgongo kwenye shina. Pasipo mti, fito ya nne ya pekee chini ya kwapa la kulia inasaidia sana, na ni ya kubeba bila shida.

Miguu yake iachane upana wa mabega, wa kushoto mbele kidogo, uzito uegemee mbele. Anayesimama wima akirudisha mgongo nyuma hutikiswa na kila pumzi, na teke linamsukuma.

Pumzi: atoe nusu, azuie, apige ndani ya sekunde tano hadi nane. Zikipita, jicho linaanza kudanganya na misuli inatetemeka. Ashushe kidole, apumue, aanze upya. Anayeng'ang'ania huishia kuivuta triga kwa ghafla pale msalaba wa darubini unapopita juu ya bega la mnyama, na hapo ndipo risasi ya tumbo inapotokea.

Stiki zikiwa ndefu mno kwake atanyoosha shingo na kusogeza uso mbele. Darubini nyingi zinataka jicho likae sm 9 hivi nyuma ya kioo. Akiisogelea, .375 itampasua nyusi.

Kambini, bunduki ikishapimwa juu ya mifuko ya mchanga, usimwache aondoke hapo. Kwanza mazoezi bila risasi, chemba imekaguliwa na wawili, mara ishirini, kila mara wewe ukisimamisha stiki upya. Kisha risasi tano kwenye sahani ya sm 20, mita 50, halafu 100, halafu 150. Umbali wa mwisho ambapo zote tano zimeingia ndio mpaka wake, na mwindaji bingwa aujue. Kama matundu ya risasi zilizopigwa kwenye stiki yamekaa juu kuliko ya zile za mifuko ya mchanga, usiguse darubini. Angalia kama ubao unagusa mti mtupu. Akijeruhi na mnyama akapotea bado anahesabiwa kwenye leseni, kwa hiyo risasi hizo kumi na tano ni rahisi.

Nyayo_Sikonge

Nimeelewa, dada. Nitafuata hivyo hivyo. Ngozi ya pembe nimekosa, nina kitambaa kizito cha ovaroli ya bluu. Kitafaa?

FundiMninga_TBR

Uzito wake unafaa, rangi ndiyo hapana. Bluu na nyeusi ndizo rangi za vitambaa vya kutegea mbung'o, na wewe utakuwa umekiweka sm 40 kutoka usoni kwa mtu anayezuia pumzi. Tafuta kaki, au kata ulimi wa kiatu cha zamani.

Mwanzi_Kasulu

Na huo mpira wa tyubu nao ni mweusi, uzungushie kaki hiyo hiyo juu yake.