MJADALA: Nyanda za Juu Kusini tukubaliane Linux moja, au kila mtu abaki na yake?

MLETA MADA (Uyole, Mbeya)

Wakuu poleni na baridi. Naenda moja kwa moja kwenye hoja. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipewi tena apdeti za kawaida za usalama, kuna ile nyongeza ya kujiandikisha mpaka Oktoba 2026 lakini hiyo ni kuahirisha tu. Na kompyuta za mtumba zilizojaa huku kwetu, hizi EliteBook 840 G3, ThinkPad T440, Latitude E6430, kwa vigezo vya Microsoft hazipokei Windows 11 maana wanataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kama ni Intel basi prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nzima kabisa, kioo kizuri, kibodi nzuri, inaambiwa imezeeka.

Sasa watu wanaanza kuuliza Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na hapo ndipo sisi wenyewe wapenzi wa Linux tunapoharibu. Mtu anauliza swali moja tu, "niweke ipi", anapewa majibu sita, kila jibu distro yake, yaani aina yake ya Linux, mmoja Mint, mmoja Fedora, mmoja Debian, wa Arch hakosekani, mwingine anaanza kueleza GNOME (mwonekano wa madirisha na menyu) ilipoharibikia, wawili wanashikana mashati kwa snap na flatpak (njia mbili za kuweka programu), muulizaji anachoka anaenda kwa fundi anapigiwa Windows ya kukraki na stori inaishia hapo.

Hoja yangu ni hii: Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa tukubaliane Linux MOJA ya kumpa mtu anayeanza, shule, steshenari, ofisi ndogo. Mimi napendekeza Linux Mint yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa madirisha na menyu. Sisemi ndiyo bora kuliko zote duniani. Sababu zangu ni mbili, bando na fundi.

Bando kwanza, maana ndilo kubwa. Faili la kuinstoli Mint peke yake linakaribia GB 3, hapo hujagusa apdeti wala draiva wala fonti. Shule yenye mashine kumi kila moja ikishusha vya kwake bando linakufa kabla ya saa nne asubuhi. Ila kuna programu inaitwa apt-cacher-ng, unaiweka kwenye mashine moja, paketi (faili la programu) ikishushwa mara ya kwanza inatunzwa pale, zile tisa zingine zinachukua humo humo ndani bila kugusa intaneti tena. Lakini inakuwa na faida kama mashine zote ni distro moja na toleo moja! Ukiwa na Fedora mbili, Arch moja, Mint tatu, hakuna wanachoshea. Na tukienda mbele zaidi, tukiwa na distro moja tunaweza kuwa na diski moja ya nje yenye faili la kuinstoli na paketi zote za muhimu zimeshashushwa, ikapanda basi Mbeya, Makambako, Njombe, Mafinga, Iringa, mtu anainstoli mashine nzima bila hata MB moja. Wakongwe mnakumbuka Ubuntu walivyokuwa wanatuma CD za bure kwa posta mpaka walipofunga huduma ile 2011, ile kitu ilifika watu ambao intaneti haijawafikia. Tunaweza kuifanya wenyewe.

Fundi ni la pili. Mtu yuko Makete kompyuta imegoma kuprinti, anakupigia simu. Kama mashine yake ni sawa na yako unamwambia bonyeza pale chini kushoto, shuka mpaka Settings, anafika. Kama yeye ana KDE, mwonekano mwingine, aliyoipamba mwenyewe na wewe una GNOME mtaongea mpaka vocha iishe. Windows haijashinda huku kwa uzuri wake, imeshinda kwa sababu kila kona kuna mtu anaijua.

Karibuni mpinge.

MDAU WA MWANJELWA (steshenari)

Kaka umeongea vizuri ila wote mnasahau watu wa kazi. Mteja anakuja na flashi, ana proposo ya kurasa 40 ameandika kwa Word, anataka itoke ilivyo, jedwali likihama hata kidogo hela hatoi na ana haki yake. Halafu kadi za michango, kadi za sendofu, vitambulisho vya shule, vyote mimi natengeneza kwa Publisher na picha kwa Photoshop, hizo ndizo zinalipa pango sio kutoa kopi. Hiyo Mint yenu ina Publisher? Nani atanifidia siku ninazojifunza upya wakati foleni ya wanafunzi wanaoomba mkopo iko mlangoni? Kwangu Linux iwe moja iwe kumi naona ni sawasawa tu, mimi nionyesheni kadi ya sendofu imetoka.

MDAU WA IYUNGA (mwanachuo)

Napinga hoja kwa nguvu zote, kwa heshima lakini napinga.

Kuweka watu wote sehemu moja ni hatari, na ushahidi upo. Desemba 2020 kampuni ya Red Hat walitangaza CentOS 8, Linux ya seva, inakufa mwisho wa 2021 wakati watu walishajipanga kuitumia mpaka 2029, kampuni ngapi zilihangaika pale? Na hiyo Mint yenyewe Februari 2016 tovuti yao ilidukuliwa, waliopakua toleo la 17.3 la Cinnamon siku ile walipewa faili lenye mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya mdukuzi kuingia. Sasa wewe unataka mikoa minne ikae kwenye kapu hilo moja.

Halafu Linux imekua kwa sababu watu walikataa kukubaliana. GNOME 3 ilipotoka 2011 watu wakaikataa, ndio ikazaliwa mionekano mingine, MATE na Cinnamon. Oracle walipoinunua Sun, kampuni iliyokuwa na programu ya ofisi ya OpenOffice, watu wa OpenOffice hawakukaa kimya, 2010 wakajitoa wakaanzisha LibreOffice, leo wote humu tunaitumia. Kama mwaka ule angetokea mtu akasema jamani tukubaliane moja tusiwachanganye wanaoanza, tungekuwa wapi? Mimi natumia Arch na KDE Plasma na nimejifunza zaidi kwa kuiweka kwa mkono, kugawa diski mwenyewe, kuchagua kila kitu, kuliko darasani. Mwanafunzi ukimpa kitu kimeshapikwa atakula tu, kupika hatajua. Na wapo vijana wengi huku wanaotaka kujua kompyuta kwa ndani, msiwafungie mlango kwa jina la urahisi.

MLETA MADA

Mdogo wangu wa Iyunga hoja zako ni nzito na CentOS ni kweli kabisa, ila mimi sijasema wewe uache Arch. Nasema mtu akiuliza kwa mara ya kwanza tumjibu kwa sauti moja. Akishakaa mwaka akataka kuhamia Arch mkaribishe, huyo atakuwa ameshajua anachotaka.

Hili la usalama lakini tulitazame pande zote. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa nyuma umepandikizwa ndani ya xz (programu ya kubana faili) matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Zilizokuwa zimeshapokea ni distro zile zinazokimbilia matoleo mapya, Arch ilishaingiza, Debian ya majaribio ilishaingiza. Debian tulivu na Ubuntu za LTS (zenye apdeti za muda mrefu) ambazo Mint inasimama juu yake hazikuguswa, kwa sababu haziharakishi. Na Arch haitaki apdeti nusunusu, ukiacha kuapdeti wiki kadhaa ukija kuweka programu moja inabidi ushushe mfumo mzima, sasa hiyo kwa mtu anayenunua bando la usiku ndio aweze kufanya kitu, unampa mzigo gani? Mint toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na lina apdeti mpaka 2029. Mtu anaweka anaendelea na maisha yake.

Na Mint ikiyumba? Wao wenyewe walishalifikiria, wana LMDE inayosimama juu ya Debian moja kwa moja ili hata Ubuntu ikipotea wasipotee. Faili za mtu ziko kwenye folda yake, zinahama nazo. Kuhusu lile la 2016, diski ya pamoja hapo ndipo inaposaidia, tunakagua sha256 (alama ya kuhakiki kuwa faili halijabadilishwa) pamoja na sahihi ya watengenezaji mara moja kwa umakini, badala ya watu hamsini kila mtu ashushe kivyake na hakuna anayekagua.

Dada wa Mwanjelwa, wewe nakujibu tofauti. Usihamishe mashine zote. Ile ya Photoshop na Publisher iache ilivyo, ila ile INAYOPOKEA FLASHI ndiyo uiweke Linux hata kesho. Vile virusi vya flashi vinavyoficha mafolda na kuacha shotikati ni programu za Windows, kwenye Linux haviwaki, unaona faili zote za mteja zilizofichwa unamtolea. Hili nalisema kwa uchungu jamani. Kwenye steshenari zetu kunapita vyeti vya watu, namba za NIDA, hati za viwanja, paswedi za akaunti za mkopo, vyote vinaskaniwa kwenye mashine ambazo Windows yake imekrakiwa kwa programu inayokwambia uzime antivirusi kwanza ndipo ifanye kazi. Programu inayokuomba uzime mlinzi, unaiamini kwa lipi? Mwanafunzi wa kidato cha sita hana namna ya kujua, anakupa tu flashi.

Jedwali kuhama mara nyingi ni fonti. Weka Carlito, herufi zake zina upana ule ule wa Calibri, na Liberation Serif ni upana wa Times New Roman, kurasa zinakaa. Zikigoma mwambie mteja akuletee PDF. Na Publisher yenyewe Microsoft walishatangaza wanaiondoa Oktoba 2026, kwa hiyo kuhama utahama tu hata ukibaki Windows. LibreOffice Draw inafungua faili za Publisher, sio zote zinakaa sawa, kadi zako za zamani utazirekebisha baadhi. Photoshop kwa Linux haipo, GIMP ipo na ni kujifunza upya kweli, sikudanganyi.

MWALIMU (Njombe)

Kamwene. Nimesoma yote. Nina chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, mashine ni za msaada, kuna tatu bado ni za prosesa za zamani za biti 32 zenye ramu GB 2. Mint iliacha biti 32 tangu toleo la 20, kwa hiyo "Linux moja" yenu inaanza kwa kuwaacha nje maskini kuliko wote. Hata Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, ya mwisho ni Debian 12, na ndiyo nimeweka kwenye hizo, na Xfce juu yake, na zinafanya kazi, watoto wanachapa.

Naunga mkono wazo la diski ila sio la jina moja. Sema FAMILIA moja, zote za apt (kiweka programu cha Debian, Ubuntu na Mint), na mwonekano mmoja wa Xfce. Mtoto akitoka kwenye mashine ya Debian akakaa kwenye ya Mint asione tofauti. Vitabu nilivyonavyo vina picha za Word na Excel na wazazi huuliza, lakini SUM ni SUM na IF ni IF, mtoto aliyeelewa kwa LibreOffice Calc kwenye Excel hapotei.

Na wewe kijana wa Iyunga, 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilifanyika kwa sababu watu walishika kitu kimoja wakakimaliza.

MDAU WA IRINGA (Ipogolo)

Mimi ni GNOME na sihami, ila kwa wanaoanza naunga mkono Xfce, upau uko chini, menyu iko kushoto, aliyezoea Windows 7 anakaa anafanya kazi. Nyongeza moja tu, kwenye hiyo diski flatpak tuziwekee mpaka. Programu ya kwanza tu inavuta na mizigo yake ya mamia ya MB. Snap Mint walishaizuia tangu 2020, hapo wametusaidia.

MDAU WA IYUNGA

Shikamoo mwalimu. Familia ya apt na Xfce hapo nakuelewa, "moja" bado nakataa. Diski ikipita Iyunga nitaongeza paketi za KDE humo, anayetaka aikute, asiyetaka aiache. Na kukagua sahihi za faili nipeni mimi hiyo kazi.

MLETA MADA

Nimeipokea ya mwalimu: Mint Xfce kwa biti 64, Debian 12 Xfce kwa biti 32, na hizo za 32 ningeshauri zikae bila intaneti. KDE weka. Kinachobaki ni orodha ya paketi, naanza na LibreOffice, Firefox, VLC, GIMP, fonti za Carlito na Liberation, draiva za printa za HP na Epson. Kila mtu aongeze anachokutana nacho kazini kwake, sio anachokipenda.

MDAU WA MWANJELWA

Haya, nina ile mashine ya pembeni, njooni muweke. Printa yangu ni Epson L3250, kuprinti na kuskani vyote vitakubali? Nijibuni hilo kabla hamjaja.

MDAU WA IYUNGA

Dada, kuprinti kuna draiva ya escpr, iko kwenye paketi za kawaida. Kuskani inatakiwa Epson Scan 2, Epson wenyewe wanatoa ya Linux. Naishusha leo usiku, tutaijaribu kwa cheti chako kimoja kabla ya kugusa kitu kingine.