MJADALA: Kambi za wasanii zinalea, au zinafungua macho tu?

Mleta mada: Wadau, nauliza kwa uchungu kwa sababu fedha za sanaa ni chache. Mtindo wa kuwakusanya wasanii wakae pamoja, wale, walale na kufanya kazi pale pale kwa wiki mbili hivi ulisambazwa na Triangle, warsha ya kimataifa ya wasanii iliyoanzishwa jimbo la New York mwaka 1982 na mchongaji Anthony Caro na Robert Loder. Afrika Kusini waliupokea mwaka 1985 kwa jina la Thupelo, enzi za ubaguzi wa rangi, na pale ulihitajika kweli: wasanii weusi walifungiwa milango mingi ya masomo.

Lakini ulezi, yaani msanii mzoefu kumkuza chipukizi kwa muda mrefu, ni jambo lingine. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akauawa 1972. Miaka minne tu! Vijana aliowafundisha, wengi wao ndugu zake, waliendeleza kazi mpaka leo, kwa sababu walikuwa naye kila siku. Napendekeza nusu ya bajeti ya kila kambi imlipe msanii mzoefu awafuatilie washiriki mwaka mzima.

Mchoraji, Tanga: Kaka, naomba kutofautiana. Ukikaa kwa fundi mmoja unatoka na mkono wake. Nenda Morogoro Stores, pale Oysterbay, Dar es Salaam, zinapouzwa picha za Tingatinga, utazame twiga na tembo wanavyofanana kibanda hadi kibanda. Kambini niliulizwa kwa mara ya kwanza kwa nini nachora ninachochora. Na kule kulala hapo hapo ndiyo faida yenyewe, hasa kwa mwanamke: hakuna anayekuita jikoni. Ninacholalamikia ni kwamba mwenye mtoto anayenyonya haalikwi kabisa. Hilo lirekebishwe kwanza.

Mwalimu, Dodoma: Na shule je? Mshiriki akitoka kambini apangiwe kufundisha darasani hata muhula mmoja. Watoto wetu wengi hawajawahi kumwona mchongaji akifanya kazi.

Mleta mada: Mwalimu, naunga mkono. Dada wa Tanga, suala la mtoto ni la haki, nakubali. Ila nikuulize: yule aliyekuuliza "kwa nini" bado anakuuliza?

Mchoraji, Tanga: Hapana, alirudi kwao na mawasiliano yakakatika. Wanaonikosoa mpaka leo ni wenzangu niliokaa nao bweni moja kambini. Kama ni kugawa bajeti, tupeni nauli tukutane, kuliko kumlipa mzee mmoja atulee sote.