Taasisi imeunganishwa, mshahara wangu umeachwa njiani

Wakuu, salamu kutoka Kigoma. Miezi minne naambiwa vuta subira. Leo naandika.

Taasisi yetu iliunganishwa na nyingine. Kwenye kikao bosi akasimama: "Hakuna atakayepoteza ajira, maslahi yenu yako palepale." Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa mikono miwili, mjinga mimi.

Barua ikaja: muundo mpya, kituo kipya, kutoka Kasulu kuja mjini, na sentensi moja tamu kwamba nitabaki na mshahara binafsi. Kwa wasiojua, ukihamishiwa ngazi yenye mshahara mdogo kuliko wako, unaendelea kulipwa ule wa zamani. Ila hadi kibali kitoke Ofisi ya Rais, Utumishi, Dodoma.

Basi mwezi ule ule nafungua salari slipu, PGSS (ngazi ya mshahara ya mashirika ya umma) imegeuka TGS (ngazi ya serikalini). Kutoka 1,240,000 hadi 928,000. Kunishusha mfumo haukusubiri kibali cha mtu. Kunirudishia ndiyo kunataka faili, na faili kila nikiuliza "liko mezani". Meza ya nani? Afisa utumishi anacheka tu.

Sasa mkopo. Nilikopa kwa mshahara wa zamani, benki inakata laki 4 na elfu 80 vilevile. Toa kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni), bima, na ile asilimia 2 ya chama cha wafanyakazi (katibu wake hapokei simu tangu Juni), nabaki na 256,800. Ile theluthi moja ambayo mtumishi hatakiwi kushuka chini yake, kwangu ni 309,000 na ushee. Nani alibonyeza kitufe bila kuona?

Pesa ya uhamisho nayo sijaiona. Fuso nililipa mwenyewe, kabati la mke wangu likafika bila mlango.

Na msiniambie ni jambo geni. TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) ilianza 2017, RUWASA (wakala wa maji vijijini) 2019, Desemba 2023 zikatangazwa taasisi 16 kuunganishwa na 4 kufutwa. Mazoezi yamekuwepo ya kutosha. Kwa nini kibali kisitangulie, ndipo mtu ahamishwe kwenye mfumo?

Aliyewahi kurudishiwa mshahara binafsi na malimbikizo yake aniambie alipita mlango gani. "Andika barua nyingine" nimeshaziandika tatu, zote zina muhuri wa masijala.